Msizime Chukudu Yetu

Mwezi uliopita tulipata mgeni kwenye chumba chetu cha vijana hapa Kikorongo. Alikuja na kalamu, karatasi za kujaza, na haraka. Alikuta watoto tisa wamezunguka laptopu moja, kimya kabisa. Wewe unayewajua watoto wetu unajua kimya cha namna hiyo si cha kawaida. Akauliza, "Hawa wanajifunza nini?" Msichana mmoja wa miaka 14 akamjibu bila kugeuka: "Tunangoja jua litoke, Chukudu iamke."

Mgeni akacheka. Na mimi nikacheka. Tukapeana mikono, akaenda zake. Wiki mbili baadaye ikaja barua. Ati saa zetu mbili za gemu, za Jumamosi, "hazihusiani na mahitaji ya walengwa". Inapendekezwa saa hizo zipewe mafunzo ya kutengeneza sabuni.

Sina ugomvi na sabuni. Mama yangu ametulisha kwa sabuni, na anayetaka kufundisha sabuni aje hata kesho, Jumatatu mpaka Ijumaa chumba kiko wazi. Neno lililonikwama kooni ni hilo "mahitaji". Nani alikaa chini akahesabu mahitaji ya yule msichana, akafika kwenye sabuni, akafunga daftari?

Ngoja kwanza nieleze, maana wengi mnaosoma hapa hamjaiona hiyo gemu. Inaitwa Kerbal Space Program. Ilitengenezwa na kampuni ya Mexico City, na toleo lake kamili lilitoka mwaka 2015. Ndani yake hakuna bunduki wala adui wa kuua. Kuna jua, sayari na miezi, kuna roketi unayoijenga mwenyewe kipande kwa kipande, na kuna nguvu ya mvutano ambayo haibembelezwi. Ukikosea hesabu, unaanguka. Haihitaji intaneti. Laptopu yetu, iliyoachwa na mtu wa kujitolea aliyerudi kwao, inaibeba kwa shida, polepole kama lori la Mpondwe likipanda mlima, lakini inaibeba.

Sayari za gemu ni za kubuni, ila zimefuata zile za kweli. Moja inaitwa Duna. Ni nyekundu, baridi, na hewa yake nyembamba sana. Ni kama Mirihi, ile watu wengi wanaita Mars. Tangu mwaka huu uanze, kazi yetu ni kupeleka Duna gari la roboti, bila mtu ndani, litembee, lipime na litume habari nyumbani. Watoto wenyewe waliliita Chukudu. Aliyetoka Kivu hahitaji kuelezwa. Kwa wengine: chukudu ni ile baiskeli kubwa ya mbao, haina pedali, inabeba makaa, viazi na saruji kwa nguvu ya mguu wa mtu. Haina fahari. Inafika.

Chukudu ya kwanza ilifika Duna ikapasuka. Tulitegemea parashuti peke yake, na hewa nyembamba ya Duna haiwezi kushika mzigo mzito kwa parashuti tu, lazima uwashe na injini mwishoni. Ya pili ilitua vizuri kabisa. Watoto walipiga makofi mpaka mama jirani akaja kuona nani kaoa. Halafu tukagundua paneli za sola tuliziacha zimekunjwa. Usiku wa Duna ukaingia, betri ikaisha, na roboti isiyo na umeme haiwezi hata kusikia amri ya kufungua paneli. "Yaya, imekufa lakini iko mzima," kijana mmoja aliniambia, na hakuna aliyecheka. Ya tatu ilipinduka kwenye mteremko kwa sababu dereva alitaka kukimbia. Ya nne ndiyo hii inayotembea, ile iliyokuwa inangojewa iamke siku mgeni alipokuja.

Tuna daftari la makosa. Kila Chukudu iliyokufa ina ukurasa wake: ilikufaje, nani aliona dalili kwanza, tutabadilisha nini. Hakuna ukurasa ulioandikwa "kosa la fulani". Hiyo ndiyo sheria ya daftari, na waliiweka watoto wenyewe baada ya ugomvi wa Chukudu ya tatu.

Sasa niwaulize ninyi wa mashirika. Mnapotupa semina za "stadi za maisha", mnaandika kwenye bango: kupanga, kushirikiana, kutatua matatizo, kuvumilia. Mtoto anakariri hayo maneno manne, anapewa soda, anarudi nyumbani. Hapa amezika roboti tatu, akakaa akahesabu upya, akarudi Jumamosi iliyofuata. Ipi ndiyo stadi?

Kuna jambo moja ambalo gemu haifanyi. Ndani ya gemu amri inafika papo hapo. Kwa Mirihi ya kweli haiko hivyo. Ishara ya redio, ingawa inakwenda kwa mwendo wa mwanga, inachukua kati ya dakika 3 na dakika 22 kufika, kutegemea sayari hizi mbili ziko wapi kwenye mizunguko yao. Halafu jibu nalo lirudi. Kwa hiyo huwezi kuendesha roboti ya Mirihi kama gari la kuchezea. Unaandika amri za siku nzima, unazituma, unangoja.

Basi tukatengeneza mchezo wetu, na huu hauli umeme hata kidogo. Mtoto mmoja anafungwa kitambaa machoni uwanjani, yeye ndiye roboti. Mwingine yuko ndani, haoni uwanja, ana ramani tu ya mawe na jerikani tulizopanga. Anaandika amri kumi kwenye karatasi: hatua nne mbele, geuka kulia, hatua mbili, simama. Wa tatu anapeleka karatasi, tena baada ya kungoja dakika tano kwa saa. Roboti ikigonga jerikani, hakuna kupiga kelele "hapana, hapana!", kwa sababu sauti yako haijafika bado. Hebu jaribuni na watoto wenu. Mtaona jinsi mtoto anavyojifunza kuandika sentensi ambayo haina maana mbili. Mimi nilisoma mpaka sekondari, na mwalimu alinipigia kelele miaka mingi juu ya sentensi zangu, lakini sikuwahi kujua kwa nini sentensi mbaya ni hatari. Hawa wanajua. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea huko Mirihi kwa sababu timu moja ilihesabu nguvu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine kwa vipimo vya metriki. Niliwasimulia watoto hiyo habari. Jumamosi iliyofuata hakuna namba iliyoandikwa kwenye daftari bila kipimo chake.

Wengine mnasema: sawa, lakini mambo ya anga ni ya mbali na sisi. Mbali na nani? Njooni Kikorongo. Kwenye barabara ya kutoka Kasese kwenda Mbarara, karibu hapa hapa, kuna yale maduara ya saruji ambapo watalii wanashuka kupiga picha, mguu mmoja kaskazini, mguu mwingine kusini. Ni Ikweta. Dunia inazunguka, na mahali inapokwenda kwa kasi kubwa kuliko pote ni kwenye mstari huo, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikiondoka hapo kuelekea mashariki inapewa hiyo kasi bure, na mafuta yanabaki. Ndiyo maana watu wa roketi wanapenda kurushia karibu na Ikweta. Hata kwenye gemu, uwanja wa kurushia umewekwa karibu kabisa na Ikweta ya sayari yao. Siku watoto walipogundua hilo, mmoja alisema: "Kumbe sisi tunakaa mahali pazuri." Nimefanya kazi na vijana miaka mitano na sijawahi kusikia mtoto mkimbizi akisema sentensi hiyo.

Na wala si hadithi ya gemu peke yake. Pwani ya Kenya, karibu na Malindi, Waitalia waliweka jukwaa la San Marco baharini. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, iliruka setilaiti ya Marekani ya kupima miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, waliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Uganda yenyewe ilikuwa na PearlAfricaSat-1, iliyotengenezwa na wahandisi watatu vijana wa Uganda waliokuwa wakisoma Japani. Ilirushwa Novemba 2022. Ilikuwa kisanduku cha sentimita kumi kila upande. Kenya ikafuata na Taifa-1 Aprili 2023. Kwetu Kongo, mhandisi Jean-Patrice Keka amerusha roketi zake za Troposphere nje ya Kinshasa. Ile ya tano, mwaka 2009, ilibeba panya na haikufanikiwa, na watu walicheka sana. Hata sisi wa Chukudu ya kwanza tungechekwa.

Tena kuna hili la ardhi. Eneo hili lote mpaka Katwe limejaa mashimo makubwa ya duara, yaliyopasuliwa na volkano zamani. Mengine yana msitu ndani, mengine maji, kama ziwa letu la Kikorongo. Katwe maji yake ni ya chumvi, na mama zetu wanaingia mpaka kiunoni kuivuna. Mwaka 2004 roboti iitwayo Opportunity iligundua kwenye Mirihi madini ambayo yanatengenezwa mahali palipokuwa na maji. Mwaka 2021 nyingine, Perseverance, ilitua ndani ya shimo liitwalo Jezero, ambalo zamani lilikuwa ziwa. Ukimweleza profesa jambo hilo, atachukua saa nzima kukueleza. Ukimweleza mama wa Katwe, anasema: "Maji yakiondoka yanaacha chumvi, si unajua?" Anajua tayari. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anachojua ndicho kinachotafutwa huko juu kwa pesa nyingi.

Nije kwenye lile linaloniuma zaidi. Ninyi wenzangu mnaokaa Rwamwanja, Kyaka, Nakivale, mmeshaziona zile ramani zilizobandikwa ofisini. Nyumba zetu ni vidoti. Choo ni alama, kisima ni alama nyingine. Picha za ramani nyingi za namna hiyo zinapigwa na setilaiti, na kituo cha Umoja wa Mataifa kiitwacho UNOSAT kinafanya kazi hiyo ya kusoma picha za kambi, mafuriko na vijiji vilivyochomwa. Sisemi ni vibaya. Maji yakija, nataka mtu aone. Lakini tazameni mambo yalivyo: sisi tunatazamwa kutoka angani kila siku. Tunahesabiwa kutoka angani. Betri za vyombo vya siku hizi zinataka kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo. Kwa hiyo anga inatuhusu tukiwa vidoti, inatuhusu tukiwa na udongo wenye madini. Mtoto wetu akiinua kichwa aulize kule juu kunafanyaje kazi, hapo ndipo tunaambiwa "haihusiani na mahitaji". Hapana, jamani. Anayetazamwa ana haki ya kujua anatazamwa na nini.

Sasa niwajibu na watu wetu wenyewe, maana si barua tu iliyonisema. Mama mmoja alinisimamisha njiani: "Sasa wewe, ile nyota itatulipia deni ya duka?" Nikamjibu ukweli: hapana, mama, haitalipa. Mgao umepunguzwa, najua, kwetu pia sufuria ni nyepesi. Sikumwambia mtoto wake atakuwa mhandisi wa roketi, kwa sababu sijui, na nimechoka na watu wanaouza ndoto kwa wakimbizi. Nilimwambia tu kwamba mtoto wake, aliyekuwa akikataa hesabu, sasa anagawanya mafuta kwa uzito bila kulazimishwa, na kwamba aje Jumamosi aone. Alikuja. Alikaa nyuma na mtoto mgongoni. Chukudu ilipokwama kwenye mchanga, yeye ndiye aliyesema, "Rudini nyuma kidogo, msisukume mbele." Wakarudi nyuma. Ikatoka. Mtu aliyesukuma baiskeli ya ndizi kwenye matope ya Kasindi anajua kuendesha roboti.

Wazee wamesema gemu inaharibu watoto. Kuna gemu zinazoharibu, ni kweli, na video za kamari ya mpira kwenye vibanda zinawaharibu vijana wetu wakubwa mbele ya macho yetu sote bila barua yoyote kuandikwa. Hii yetu ina saa mbili kwa wiki, mlango wazi, na anayetaka kuingia anaingia.

Na kosa langu nalikiri. Miezi miwili ya kwanza wavulana walikaa kwenye kibodi na wasichana walikaa nyuma kushangilia. Mfanyakazi mmoja wa jamii, dada mkali, alinikemea, na alikuwa na haki. Sasa kuna zamu iliyoandikwa ukutani, na fundi mkuu wa Chukudu ya nne ni yule msichana wa miaka 14. Mkosoaji wa namna hiyo, anayekuja kurekebisha kitu kiwe bora, namkaribisha kila siku. Anayekuja na kalamu dakika kumi na kuzima, huyo ndiye ninayebishana naye.

Kwa sababu nyuma ya ile barua kuna wazo, na wazo hilo tumelizoea mpaka hatulioni tena. Kwamba mkimbizi afundishwe vitu vya karibu tu. Mtoto wa Kampala anaweza kupewa roboti na kompyuta, na wazazi wake wanalipia, wanaita elimu. Mtoto wetu akishika kitu hicho hicho, kinaitwa kupoteza muda. Yeye anapewa sindano, sabuni, matofali, kuku. Vyote vizuri. Lakini mtu akipewa vya karibu peke yake miaka kumi, anaanza kuamini kwamba macho yake yaliumbwa mafupi.

Nitawaambia habari ya roboti mbili kisha nimalize. Opportunity niliyoitaja ilikuwa na dada yake, Spirit. Zote zilitua Mirihi Januari 2004 na zilipangiwa kazi ya siku 90. Spirit ilikwama kwenye mchanga mwaka 2009 na haikutoka tena. Wale mafundi hawakuandika kwamba haina faida. Walisema, basi, ifanye kazi pale pale ilipokaa, na ikapima mpaka mawasiliano yalipokatika mwaka 2010. Opportunity iliendelea mpaka dhoruba ya vumbi ya mwaka 2018 ilipoficha jua, na ilikuwa imetembea zaidi ya kilomita 45. Niliposimulia hayo, kijana mmoja mkubwa, ambaye faili la familia yake limekaa ofisini miaka na miaka, aliuliza: "Ile iliyokwama ilifanya kazi muda gani?" Nikamwambia, karibu mwaka. Akaandika kwenye daftari. Sikumuuliza kwa nini.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na nayaomba kwa maandishi ili mtu asiseme hakusikia.

Moja, saa mbili za Jumamosi zibaki. Sabuni ipewe siku nyingine, na mimi mwenyewe nitafagia chumba.

Mbili, atakayekuja kupima kazi yetu akae saa zote mbili. Asome daftari la makosa. Awaulize watoto, asiniulize mimi.

Tatu, paneli ya sola iliyoko juu ya bati letu imejaa vumbi la malori ya Bwera, na waya wake mmoja umechoka. Hatuombi laptopu mpya. Tunaomba waya. Ngazi tutaazima, na watoto wameshajua kwamba paneli isiyofutwa ni usiku kabla ya wakati wake.

Chukudu ya nne iko Duna mpaka leo, pembeni ya mlima mwekundu, na paneli zake zimefunguliwa. Jumamosi hii watoto wanataka kuipeleka mpaka kwenye barafu nyeupe ya kaskazini. Njia ni ndefu, itachukua wiki kadhaa. Njooni muone kabla hamjazima.